Ningu Waliokumbuka Rugaju

Injinia Respicius Bagonza alidhani ukuta unapasuka.

Ukuta wa Bwawa la Rugaju ulijengwa na vihisi ndani ya zege, maelfu kwa maelfu, vya kusikia ufa kabla haujaonekana kwa macho. Asubuhi hiyo ya Jumapili vihisi vya upande wa chini, kule maji yanakotokea baada ya kuzungusha mitambo ya umeme, vilikuwa vinalalamika. Kitu kilikuwa kinagonga. Kinatulia kidogo, kinagonga tena, mahali palepale. Respicius aliiacha chai yake mezani, akavaa buti, akashuka ngazi za chuma hadi chini kabisa huku akiwaza jinsi atakavyoanza kuwaambia watu wa bondeni wahame.

Hakukuta ufa. Alisimama pale chini muda mrefu, maji yakimrukia usoni, kisha akatoa simu.

"Dakta, njoo bwawani."

"Injinia, niko njiani kwenda misa," alijibu Dakta Leokadia Kagemulo.

"Njoo tu. Nikikueleza kwenye simu utasema nimeamka na pombe."

Leokadia alifika akiwa bado na gauni lake la kanisani. Respicius alimwonyesha kwa kidole. Chini ya ukuta, kwenye povu, samaki wenye urefu wa mkono kutoka kiwiko walikuwa wanajikusanya, wanarudi nyuma, wanajirusha. Waliupiga ukuta kwa pua, wakaanguka, wakajipanga upya. Pua zao zilikuwa zimechubuka hadi nyama nyeupe ikaonekana.

"Ni ningu," alisema Leokadia.

"Kwamba ni ningu nimeona. Nauliza, ni wako? Wametoroka kule ghubani?"

"Wangu hawawezi kuja huku, Injinia. Wangu hawajui kama kuna kitu kinaitwa mto."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomfanya Leokadia ajulikane mkoa mzima. Ningu ni samaki wa ziwani anayezaa mtoni. Tangu zamani, masika yakianza, alikuwa anafuata maji mekundu ya gharika, anapanda mto, anataga mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na maji huko juu, kisha anarudi ziwani. Rugaju ulipozibwa ili kufua umeme, miaka tisa kabla ya Jumapili ile, njia hiyo ikakatika. Msimu wa kwanza ningu walijazana chini ya ukuta, watu wakawachota kwa ndoo. Baada ya misimu michache hakukuwa na wa kuchota. Mwalo wa Kabindi, bandari ya wavuvi kule mto unakoingia ziwani, ulianza kufa. Vijana walihama, tanuri za kukaushia samaki zikaota majani.

Ndipo Leokadia alipoleta maboya. Yalikuwa ya rangi ya chungwa, makubwa kama matenki ya maji ya juu ya mapaa, yametiwa nanga kuzunguka ghuba nzima. Ndani ya kila boya mliishi vijidudu vilivyofundishwa kutengeneza harufu ya gharika: udongo uliolowa, majani yaliyooza, mvua ya kwanza. Chini yake kipaza sauti kilinguruma kama mto uliojaa. Ningu walioletwa ghubani kutoka maji mengine waliisikia harufu hiyo, wakaamini mto umefika, wakataga papo hapo kwenye mikeka ya nyuzi iliyotandazwa chini ya maji. Hakuna safari, hakuna mto. Tanuri za Kabindi ziliwaka tena. Watu waliyaita maboya hayo Masika ya Dakta, na mabinti kadhaa waliozaliwa miaka ile walibatizwa Leokadia.

Sasa alikuwa amesimama chini ya ukuta, anatazama samaki asiowahi kuwaalika.

*

Mmoja wao alikufa mikononi mwake. Alikwenda naye maabara Kabindi, akampasua.

Kichwani mwa samaki, nyuma ya ubongo, kuna kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele. Kila mwaka kijiwe hicho huongeza tabaka, kama shina la mti linavyofanya, na kila tabaka hunywa kidogo madini ya maji ambamo samaki anaishi. Leokadia alikikata kijiwe, akakiweka kwenye mashine ya kusomea. Tabaka za nje zilikuwa za ziwa. Ile ya katikati kabisa, ya siku za kwanza za maisha, ilikuwa ya Rugaju wa juu, ng'ambo ya bwawa, ambako miamba ina chuma kingi na maji huacha kutu kwenye mawe. Alihesabu tabaka, akahesabu tena. Samaki huyu alianguliwa katika masika ya mwisho kabla lango halijafungwa.

Leokadia aliketi. Ningu akifika umri huo amezeeka; mwaka mwingine hana. Na kifaranga wa ningu huishika harufu ya mto aliozaliwa asiisahau maisha yake yote. Ndiyo ramani yake. Wazee hawa ndio pekee waliobaki na ramani ya Rugaju. Wakifa bila kuzaa huko juu, ukuta wote ungeweza kubomolewa kesho yake na kusiwe na samaki hata mmoja anayejua aende wapi.

Lakini kwa nini walikuwa wachache namna ile? Kesho yake alipita mwaloni, akaomba vichwa vya samaki wakubwa waliovuliwa wiki ile karibu na maboya. Akavisoma kimoja kimoja. Wengi walikuwa wake, wa ghubani. Katikati yao, hapa mmoja, pale wawili, walikuwemo wazee wa Rugaju, majike kwa madume, matumbo yakiwa yameiva.

Basi walikuwa wanakuja. Kila mwaka walikuwa wanakuja hadi kwenye mdomo wa mto. Ila mto uliozibwa hunuka kidogo tu, na maboya yalinuka gharika usiku na mchana. Wazee walizunguka maboya wakitafuta njia ya kupanda, njia isiyokuwepo, mpaka wakaingia kwenye nyavu. Wale wa chini ya ukuta ni wachache waliobahatika kulisikia jina lao katikati ya kelele.

Aliitoa simu yake. Maboya yote yalikuwa chini ya kidole chake gumba. Angeyazima yote kabla ya chakula cha mchana, akasema yameharibika. Mitambo huharibika. Hakuna ambaye angeuliza, maana nani angemshuku Dakta?

Ila maboya yakizimwa, samaki wa ghubani wasingetaga. Mwaka ungepita bila vifaranga, na miaka miwili inayofuata nyavu za Kabindi zingerudi nusu tupu. Dada yake mwenyewe alikuwa anaishi kwa samaki hao.

Alikaa na simu mkononi mpaka skrini ikazima yenyewe. Kisha akainuka, akaenda kwenye tanuri.

*

Adventina, dada yake mkubwa, alikuwa anageuza samaki kwenye chekecheke za waya. Moshi ulikuwa umempaka macho wekundu. Aliongoza akina mama wote wa tanuri za Kabindi, na alikuwa na tabia ya kusikiliza huku mikono inafanya kazi. Leokadia alimweleza kila kitu. Alipofika kwenye kuzima maboya, mikono ya Adventina ilisimama.

"Rudia hapo."

"Masika haya tu, Dada. Wapate kuisikia harufu ya mto wao."

"Na sisi tusikie harufu gani?"

"Najua ni—"

"Hujui, Kadia. Wewe una mshahara, mvua inyeshe isinyeshe." Adventina alijifuta mikono kwenye kanga. "Tulikuwa tumekwisha hapa. Mimi nilikuwa nafunga mizigo niende kwa shemeji yako mjini nikafue nguo za watu. Ukaja na mitungi yako ya harufu, tukainuka. Nikajisifu kwa kila mtu, huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Leo unaniambia umekuja kuwachukua samaki wale wale ulionipa?"

"Siwachukui. Ninaomba."

"Unaomba kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya vizee vya samaki vilivyokaribia kufa?"

"Kwa ajili ya mto. Maboya yale, Dada, yanaishi kwa sababu mimi nipo. Fedha ya mradi ikikatwa, vijidudu vikiugua, mimi nikifa, ghuba inabaki kavu kama ilivyokuwa. Ningu akiujua mto, hamhitaji Dakta."

Adventina alirudisha chekecheke juu ya moto. Halafu akageukia samaki wake.

"Kawaambie wenyewe," alisema. "Uwaambie hivyo hivyo, mbele za watu. Mimi sikubebei."

*

Mkutano ulifanyika kwenye jengo la mnada, mwenyekiti wa mwalo, mzee waliyemwita kwa heshima Ta Projestus, akiwa ameketi juu ya mzani wa zamani usiotumika tena. Leokadia aliwaonyesha kijiwe ukutani, kimekuzwa hadi kikawa kikubwa kama gurudumu la lori, na tabaka zake. Aliwaeleza wazee wa Rugaju. Alieleza na hasara, hakuipunguza.

Watu walizomea. Mvuvi mmoja alisimama akasema kama shida ni bwawa, wakadai bwawa, wasiwabane wao. Mwingine alisema utotoni alimla ningu wa mtoni, na ladha yake haikuwa kama ya hawa, lakini ladha hailipi ada ya shule. Wakacheka, wakaanza tena kupiga kelele.

Adventina alisimama. Kelele zilipungua.

"Dakta," alisema, na lile neno mdomoni mwa dada yake lilimchoma Leokadia. "Hayo maboya, unaweza kuyazima hapo ulipo, sasa hivi?"

"Naweza."

"Bila sisi kujua?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuyazima?"

Leokadia alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, siyo hilo. "Kwa sababu ningekuwa nimewaibia," alisema. "Ningewaibia, halafu nikaja kuwapa pole."

"Na leo tukikataa?"

"Yatabaki yanawaka. Nitakwenda bwawani, nitawaokoa wale wachache nitakaoweza kuwaokoa kwa mikono. Sitazima."

Ta Projestus alikuna kidevu.

"Samaki wetu wanaweza kushikilia mayai muda gani bila kutaga?" Adventina aliuliza.

"Wiki chache. Zikizidi, mwili unayanyonya tena."

"Basi hatuzimi masika yote. Tunazima mpaka Pasaka. Gharika ikija kabla, wazee wako wakapita, unawasha, na sisi tunapata vifaranga vyetu japo kwa kuchelewa. Ikifika Jumatatu ya Pasaka mvua haijaja, unawasha hivyo hivyo, na hutatuomba tena." Aliwageukia wenzake. "Nyavu nazo zitoke mdomoni mwa mto kipindi hicho. Hatuwezi kumfungulia mtu mlango huku tumemtegea uzi kizingitini."

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mikono ya kukubali haikuzidi kwa wingi, ila ilizidi. Leokadia aliweka kidole gumba kwenye simu mbele yao. Kule ghubani, taa za maboya zilizimika moja baada ya nyingine.

*

Mvua haikuja.

Mawingu yalijikusanya juu ya ziwa kila alasiri, yakapita kwenda kunyesha ng'ambo. Jumapili ya Matawi ikafika, vumbi barabarani. Leokadia alipima samaki wa ghubani kila asubuhi, akaona mayai yanaanza kufifia rangi, yanalegea. Wavuvi waliacha kumsalimu. Mtu mmoja alilipaka boya lililo karibu na ufuko maneno kwa rangi nyeusi: DAKTA, TUNAKUFA NA WEWE. Wazee wa Rugaju aliowanasa na kuwawekea alama za kielektroniki walikuwa wanazunguka mdomo wa mto, wanaingia kidogo, wanarudi, kama watu waliofika nyumbani wakakuta taa hazijawashwa.

Alhamisi Kuu alimpigia Respicius.

"Injinia, huko juu mvua imenyesha?"

"Imenyesha kidogo. Yote imeishia kwenye bwawa. Huku chini hakitoki kitu zaidi ya yale maji ya mitambo, na hayo yamechujwa."

"Harufu yote iko nyuma ya ukuta wako."

"Iko nyuma ya ukuta wangu," alikubali Respicius. Leokadia alimsikia akipekua karatasi. "Dakta, unajua bwawa hujaa tope. Kila mwaka tunafungua lango la chini kabisa, tunalitoa. Lile tope ni Rugaju wa juu wote, nyasi zake, udongo wake, kila kitu. Linanuka mpaka nyumbani kwangu."

"Mnafungua lini?"

"Ratiba inasema Juni, bwawa likiwa limejaa. Nikifungua sasa, kina kitashuka, mitambo itapungua nguvu. Mkoa mzima utakuwa na mgao wa umeme sikukuu yote ya Pasaka. Mabasi ya umeme yatalala. Watu watakula wali wa mkaa."

"Una mamlaka ya kuamua?"

"Ninayo. Na wakubwa wangu wana mamlaka ya kuniuliza." Alivuta pumzi. "Wewe uliwaambia watu wako waziwazi, sivyo? Nilisikia. Basi na mimi nitawaambia wangu."

Asubuhi ya Ijumaa Kuu Injinia Respicius alizungumza redioni. Hakusoma tangazo la kawaida la hitilafu. Alisema jina lake, akasema umeme utakatwa kwa zamu mpaka Jumatatu, akasema kwa nini, akataja samaki. Alisema anayetaka kumtukana ampigie yeye, wasihangaike na wahudumu wa simu. Walimpigia. Alipokea mpaka betri ikaisha, kisha akashuka kufungua lango.

Maji yaliyotoka yalikuwa mazito, mekundu kama chai ya maziwa iliyochacha, yakanguruma bondeni na kubeba magogo na nyasi zilizooza. Jioni yalifika ziwani. Leokadia alikuwa kwenye mtumbwi wa mota mdomoni mwa mto, anatazama alama za wazee kwenye skrini. Maji mekundu yaliingia ghubani kama moshi. Alama zikaacha kuzunguka. Moja ilitulia, ikageuka, ikaingia mtoni. Ikafuatwa na nyingine. Halafu zikaingia nyingi kwa pamoja, nyingi kuliko samaki aliowawekea alama, maana chini ya mtumbwi alianza kuwaona wengine wasio na alama, migongo yao myeusi ikipasua maji.

Alilia pale pale, peke yake, akaendesha mtumbwi huku haoni mbele.

*

Kuwafikisha chini ya ukuta ilikuwa nusu ya kazi. Ukuta haukuwa na ngazi ya samaki, mfereji wa vidato wa kuwapandisha juu. Ulikuwa na kreni.

Ilikuwa kreni ya kuondolea magogo yaliyokwama, na Respicius alikuwa ameifunga tenki la plastiki badala ya makucha. Tatizo lilikuwa kuwatia samaki tenkini bila kuwaumiza. Mafundi wake walijua zege na nyaya. Kila ningu waliyemshika aliwaponyoka akarudi kugonga ukuta. Leokadia naye alikuwa amezoea samaki wa kwenye trei za maabara.

Jumamosi, jua likiwa limeanza kupanda, lori la samaki la Kabindi liliegeshwa juu ya kingo. Adventina alishuka wa kwanza. Nyuma yake wakashuka akina mama wa tanuri, wamefunga kanga viunoni, wana nyavu laini za dagaa na mabeseni.

Leokadia alimkimbilia. "Dada, sikujua kama—"

"Umeme hakuna, mashine ya barafu imelala, tufanye nini nyumbani? Tukae tunatazamana?" Adventina alitazama chini kwenye povu. "Hao wote ni wa zamani?"

"Karibu wote."

"Wamechubuka, maskini." Akavua kandambili. "Haya, tusimame mstari. Msiwashike mkiani, mshikeni chini ya tumbo kama mtoto anayeogeshwa."

Walifanya kazi hiyo siku mbili, Jumamosi na Jumapili ya Pasaka yenyewe. Padri wa Kabindi alikuja kusomea misa pale kwenye kingo, maana waumini wake wote walikuwa majini. Tenki lilijazwa, likanyanyuliwa, likapita juu ya ukuta likining'inia, likamiminwa upande wa pili kwenye maji ya juu. Wengine walikufa. Waliofika hai walibaki kidogo chini ya kivuli cha ukuta, kisha wakageuza pua kule mto unakoingilia bwawani, wakaondoka bila kusita.

Jumatatu ya Pasaka, kama walivyokubaliana, Leokadia aliwasha maboya. Samaki wa ghubani walitaga, ila kwa mayai waliyobaki nayo, na mikeka ilikuwa na mapengo mengi. Alasiri ya siku hiyo hiyo mvua ikaanza kunyesha juu ya ziwa, nzito, kana kwamba haikuwahi kuchelewa. Adventina alisimama mlangoni mwa tanuri akaitazama.

"Ingekuja jana nayo," alisema, akafunga mlango.

*

Rwantege ni kijiji cha kwanza juu ya bwawa. Mvua zilikuwa zimeujaza mto, ukatoka kwenye kingo zake na kulaza nyasi za bondeni. Leokadia alifika huko na gari, akateleza kwenye matope hadi alikokuta watu wamesimama pembezoni mwa maji.

Walikuwa na migono, ile mitego ya fito iliyosukwa kama chupa kubwa. Baadhi ilikuwa mipya, fito bado za kijani. Mtu alikuwa ameifuma wiki ile ile. Hakuna sheria iliyowakataza. Ningu aliyepanda alikuwa wa watu wa juu tangu enzi za mababu, na miaka tisa walikaa bila kumwona, bila kuombwa radhi na yeyote.

Mwenyekiti wa kijiji, mama wa makamo aitwaye Eudosia, mkulima wa vanila, alimjia.

"Wewe ndiye Dakta wa maboya?"

"Ndiye mimi, Ma Eudosia. Shikamoo."

"Marahaba. Tulimsikia yule Injinia redioni. Tukasema anadanganya, anatafuta kisingizio cha mgao." Alielekeza kidevu bondeni. "Sikiliza."

Kulikuwa na sauti ya kuchapa, kama nguo zinazofuliwa kwenye jiwe, huku na kule ndani ya nyasi. Ningu walikuwa wanataga. Walijipindua kwenye maji yasiyofika gotini, wawili wawili, watatu watatu, nyasi zikitikisika. Mahali pengine mtu angeweza kuwaokota kwa mkono.

"Wangapi hao?" Eudosia aliuliza.

"Mia kadhaa. Ndio wote. Ndio wote waliopo wanaoujua mto huu."

"Tukila leo?"

Leokadia angeweza kusema mengi. Alikuwa na takwimu. "Ni haki yenu," alisema. "Siwezi kuwazuia, na sitawadanganya kwamba naweza. Mkiwaacha wakamaliza, vifaranga watakaotoka hapa watarudi hapa. Watarudi kwenye nyasi hizi hizi."

Eudosia aliwatazama watu wake. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kuingia majini hadi magotini, mgono begani. Aligeuka, naye akamtazama mwenyekiti wake. Samaki mmoja akapita katikati ya miguu yake, akamrushia maji mpaka kwenye kofia, na yule mzee akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyetekenywa.

"Ta, toka humo," Eudosia alimwambia. "Utawakanyagia mayai."

Mzee alitoka taratibu, akiangalia kila anapoweka mguu. Alitua mgono wake juu ya kingo, akaukalia. Wengine nao wakatua yao, siyo wote kwa furaha. Mwanamume mmoja aliondoka akiguna na kusema amepoteza siku. Waliobaki walikaa kwenye kingo wakitazama mpaka jua likaelekea kuzama, wakawaonyesha watoto kwa vidole, wakawaeleza jina la samaki.

*

Mwezi wa saba maji yalitulia, vifaranga wakaanza kushuka. Mitambo ya umeme ingewasaga, kwa hiyo Respicius aliwafungulia mfereji wa pembeni kila asubuhi, akaandika kwenye taarifa yake kwamba anafungulia. Wakubwa wake walikuwa wamemwita, wakamhoji, wakamfutia likizo yake. Kisha wakamtaka achore ngazi ya samaki, na sasa michoro ilikuwa imebandikwa kote ukutani mwa ofisi yake.

Kabindi hali ilikuwa ngumu, maana vifaranga wa ghubani walikuwa wachache na wavuvi walipunguza nyavu ili samaki waliopo watoshe. Tanuri za Adventina zilikuwa zinawaka siku tatu kwa wiki, na watu wawili aliowafundisha kazi kwa miaka walikwenda kutafuta kibarua kwingine. Hakumficha mdogo wake jambo hilo. Alimwambia kila walipoonana, na Leokadia alisikiliza bila kujitetea. Ila siku Leokadia aliposema anakwenda bwawani kutazama vifaranga, Adventina alichukua kanga yake akapanda gari bila kualikwa.

Walisimama juu ya mfereji. Mwanzoni hakukuwa na la kuona. Halafu jua lilipopenya maji, Adventina akaona kwamba kile alichodhani ni mng'aro tu kilikuwa hai: samaki wadogo kama sindano, wengi wasiohesabika, wanashuka mkia mbele, pua zimeelekea juu walikotoka.

"Kwa nini wanashuka kinyumenyume?"

"Ndivyo wanavyoshika harufu. Wanausoma mto mpaka dakika ya mwisho."

Adventina alichuchumaa, akaingiza mkono majini. Vifaranga waligawanyika wakapita kwenye vidole vyake.

"Hawa hata wote wakikusanywa hawatoshi mboga ya mtu mmoja," alisema.

"Hawatoshi."

"Watarudi lini?"

"Wa kwanza, miaka mitatu. Wakijaliwa."

Adventina alipiga hesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akatoa mkono majini, akaukung'uta.

"Miaka mitatu siyo mbali," alisema. "Nitakuwa bado nipo."